Sukari, hamira na maharagwe: Njia ya kupunguza gharama ya mbolea ya bakteria

Kila mvua inapokaribia, mkulima wa maharagwe katika Embu na Meru hupiga hesabu ileile: mbegu, mbolea, vibarua wa kupalilia, kisha kungoja. Mwaka 2022 hesabu hiyo iliwashinda wengi, kwani mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 madukani. Serikali ya kitaifa ilileta mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500 mwezi Septemba mwaka huo, na mwaka uliofuata bei ya ruzuku ikashuka hadi shilingi 2,500. Ruzuku ilisaidia, lakini mbolea yenyewe bado hununuliwa ng'ambo kwa dola na kushushwa Mombasa, na bei yake haiamuliwi Runyenjes wala Nkubu.

Kirutubishi kinachotafutwa zaidi katika mifuko hiyo ni nitrojeni. Karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni nitrojeni hiyohiyo, ila mmea hauwezi kuitumia ikiwa hewani. Viwanda huibadilisha kwa joto na shinikizo kubwa. Kuna bakteria wadogo wa udongoni, wanaoitwa rizobia, ambao hufanya kazi hiyo ndani ya mizizi ya maharagwe, soya, kunde, ndengu, mbaazi na njahi, bila kiwanda.

Bakteria hao wanaweza kukuzwa, kupakiwa katika pakiti na kupakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda. Kenya imekuwa na bidhaa ya aina hiyo kwa miongo kadhaa. Makala haya yanaeleza kwa nini bei ya kuwakuza bakteria hao inategemea sana chakula wanacholishwa maabarani, jinsi chakula hicho kinavyoweza kupatikana kwa bei nafuu, na mahali ambapo kubana gharama kunaweza kumgharimu mkulima msimu mzima.

Kazi inayofanyika ndani ya mzizi

Mbegu ya maharagwe inapoota katika udongo wenye rizobia wanaofaa, bakteria hao huingia katika vinywele vya mizizi. Mmea huwajengea makao, yaani vinundu vidogo vinavyoonekana kwa macho. Mmea huwapa sukari inayotengenezwa na majani, nao huulipa nitrojeni. Jambo hili lilithibitishwa na wanasayansi wa Ujerumani, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, katika miaka ya 1880. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafaulu kuwatenga bakteria hao na kuwakuza nje ya mmea.

Kinundu kinachofanya kazi kikipasuliwa huwa chekundu au cha waridi ndani. Rangi hiyo hutokana na kitu kinachofanana na kile kinachoipa damu wekundu wake, na kazi yake ni kudhibiti oksijeni ili bakteria wafanye kazi. Kinundu cheupe ndani huenda bado ni kichanga au hakifanyi kazi. Kilicho kijani au kahawia kimezeeka.

Si kila rizobia hufaa kila zao. Wanaofaa maharagwe hawafai soya. Soya huhitaji kundi jingine linalokua polepole, liitwalo bradirizobia, na kunde na ndengu za Mbeere na Tharaka nazo kwa kawaida hushirikiana na bakteria wa kundi hilo la polepole. Kwa sababu hiyo kila pakiti huandikwa zao lake.

Pakiti hutoka wapi

Nchini Kenya, kazi ya kukuza rizobia kwa ajili ya wakulima ilianza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Kabete, kwenye kituo cha vijiumbe kinachojulikana kama MIRCEN kilichoanzishwa kwa ushirikiano na UNESCO katika miaka ya 1970. Bidhaa iliyotoka huko iliitwa Biofix. Baadaye kampuni ya MEA ya Nakuru ilipewa leseni ya kuitengeneza na kuiuza.

Utengenezaji una hatua tatu kuu. Kwanza, aina moja safi ya bakteria hutolewa katika hifadhi ya maabara. Pili, hukuzwa katika maji yenye chakula, ambayo kwa urahisi tunaweza kuyaita mchuzi. Tatu, mchuzi huo uliojaa bakteria huchanganywa na kitu kikavu cha kuwabebea hadi shambani. Nchi nyingi hutumia mboji ya kinamasi iliyosagwa. Kabete walitumia tope linalobaki viwandani baada ya kuchuja maji ya miwa. Hapo tayari kuna somo la kubana gharama: taka ya kiwanda cha sukari ilichukua nafasi ya kitu ambacho kingeagizwa kutoka nje.

Hatua ya pili, ya chakula, ndiyo inayohusu makala haya.

Chakula cha kawaida cha maabara

Chakula cha rizobia kinachotumika katika maabara nyingi duniani hutengenezwa hivi kwa kila lita moja ya maji: gramu 10 za manitoli, ambayo ni aina ya sukari, nusu gramu ya kiini cha hamira kilichokaushwa, nusu gramu ya chumvi ya fosfeti na potasiamu, gramu 0.2 za chumvi ya magnesiamu. Na gramu 0.1 za chumvi ya kawaida. Ikihitajika kugandishwa kama jeli ili bakteria wahesabiwe, huongezwa takriban gramu 15 za agari inayotokana na mwani wa baharini. Kisha huwekwa penye nyuzijoto 28 hivi. Rizobia wa maharagwe huonekana baada ya siku 3 hadi 5, na wale wa soya huweza kuchukua wiki nzima au zaidi.

Kila kiungo kina kazi yake. Manitoli hutoa nguvu na kaboni. Hamira hutoa vitamini na protini. Chumvi hutoa madini, na pia husaidia mchuzi usiwe na asidi nyingi.

Kwa sahani chache za majaribio, gharama ni ndogo. Lakini kiwanda kinachotaka kutengeneza lita 1,000 kwa mkupuo mmoja kinahitaji kilo 10 za manitoli na nusu kilo ya kiini cha hamira. Bidhaa hizi za usafi wa maabara huagizwa kutoka nje, kama mbolea. Gharama hiyo huishia katika bei ya pakiti, au humzuia mtengenezaji mdogo kuanza kabisa.

Mbinu hii ilianzia jikoni

Fikra ya kutumia vitu vya kawaida kukuza bakteria si ngeni. Robert Koch, daktari Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alianza kwa kuwakuza bakteria juu ya vipande vya viazi vilivyochemshwa. Agari nayo ililetwa maabarani na Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti waliofanya kazi na Koch. Aliijua kutoka jikoni, kwa kuwa alikuwa akiitumia kugandisha jemu na vyakula vya tamu bila kuyeyuka wakati wa joto. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Japani, iliyokuwa mzalishaji mkuu wa agari, ilipokatwa na masoko mengi, nchi nyingine zililazimika kutafuta mwani katika pwani zao.

Kwa hiyo bakteria hajali kama chakula chake kimetoka katika chupa ya maabara au katika duka la kijijini. Anachohitaji ni sukari anayoweza kuitumia, nitrojeni kidogo, vitamini, madini, maji, na asidi isiyozidi.

Vitu vinavyoweza kuchukua nafasi

Watafiti katika nchi mbalimbali wamejaribu mabaki ya viwanda na vyakula vya kawaida, na vingine vimefanya vizuri. Vifuatavyo ni vile vinavyopatikana kwa urahisi nchini.

Sukari ya mezani inaweza kuchukua nafasi ya manitoli kwa rizobia wengi wanaokua haraka, wakiwemo wa maharagwe. Hapa kuna tahadhari muhimu: bradirizobia wa soya kwa kawaida hawaiwezi sukari ya mezani. Wao hukua vizuri zaidi kwa vitu kama gliseroli. Mtu akitumia sukari kwa wote, atapata mchuzi mzuri wa maharagwe na mchuzi hafifu wa soya.

Molasi, inayouzwa katika agroveti kama chakula cha ng'ombe, karibu nusu ya uzito wake ni sukari, na ina madini pia. Lakini ina uchafu mwingi, hivyo huhitaji kuchanganywa na maji mengi, kuchujwa na kurekebishwa asidi.

Hamira ya kuokea mikate inaweza kutengenezewa maji ya hamira. Huchanganywa na maji, huchemshwa kwa shinikizo hadi chembe zake zife na kutoa virutubishi, kisha huachwa itulie na maji ya juu yakachukuliwa. Maabara zilitumia njia hii miaka mingi kabla ya kiini cha unga kuwa cha kawaida. Hamira inayobaki katika viwanda vya bia inaweza kutumika vivyo hivyo.

Maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini bado yana sukari ya maziwa, protini na madini, nayo yamewahi kutumiwa kukuza rizobia. Kwa upande wa kugandisha, wanga wa muhogo au wa mahindi umejaribiwa kupunguza kiasi cha agari.

Kuna pia suala la kipimo. Rizobia wanaokua haraka hutoa asidi wanapokula sukari. Sukari ikizidi, mchuzi huwa mchachu hadi bakteria wenyewe wakaanza kufa. Chokaa kidogo safi husaidia kuzuia hilo.

Bei ya lita au bei ya bakteria?

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Pakiti nzuri inatakiwa kuwa na bakteria hai wapatao bilioni moja katika kila gramu, ambacho ni kiwango kinachotumiwa sana kimataifa. Mchuzi ulioiva vizuri unaweza kuwa na bilioni moja kwa mililita, yaani trilioni moja katika lita moja.

Tuseme chakula kipya kinagharimu moja kwa tano ya kile cha kawaida, lakini kinatoa bakteria moja kwa kumi tu. Chakula hicho kimekuwa ghali mara mbili, kwa sababu sasa zinahitajika lita kumi kupata bakteria walewale. Hivyo kinachopaswa kulinganishwa ni bei ya kila bilioni ya bakteria walio hai.

Kuwahesabu kunahitaji uvumilivu kuliko mashine. Mililita moja ya mchuzi huwekwa katika mililita tisa za maji safi yasiyo na vijidudu, na kutoka hapo mililita moja huhamishiwa katika mililita tisa nyingine, na kuendelea. Baada ya kurudia mara saba, mchuzi umepunguzwa mara milioni kumi. Mililita moja ya maji hayo ikipandwa juu ya agari na kutoa makundi 100 ya bakteria, basi mchuzi wa mwanzo ulikuwa na bilioni moja kwa mililita.

Baada ya kuhesabu, bado kuna mtihani wa mwisho: bakteria waliolishwa chakula hicho wapakwe kwenye mbegu, mimea ipandwe katika mikebe na kisha shambani, na vinundu vipasuliwe. Bakteria wengi wasiotengeneza vinundu hawamsaidii mkulima.

Mahali pasipofaa kubanwa

Chakula kinaweza kuwa cha bei nafuu, lakini usafi hauwezi kupunguzwa. Sukari na hamira ni chakula kizuri kwa rizobia, na pia kwa kuvu, hamira za porini na bakteria wengine mamia waliomo hewani, mikononi na katika maji. Wengi wao hukua haraka kuliko rizobia. Mtu akichemsha maji ya sukari katika sufuria, akatia vinundu vilivyopondwa na kuacha penye joto, baada ya siku tatu atakuwa na kitu kinachokaribia muratina kuliko mbolea.

Ndiyo maana maabara huchemsha chakula kwa mvuke wa shinikizo, kwenye nyuzijoto 121 kwa takriban dakika 15 hadi 20, huziba chupa, na kuanza na aina moja ya bakteria iliyothibitishwa. Chakula chenye molasi au mabaki ya kiwandani huhitaji uangalifu zaidi kwa kuwa huingia na uchafu wake.

Sababu nyingine ya tahadhari inamhusu mkulima moja kwa moja. Mwaka 2024 wakulima katika sehemu mbalimbali za nchi waligundua kuwa mbolea fulani waliyouziwa haikuwa mbolea. Pakiti ya bakteria waliokufa ni vigumu zaidi kuitambua. Haina harufu wala rangi tofauti, na mkulima hugundua wakati maharagwe yamegeuka manjano, mvua imekwisha na mbegu imeliwa na msimu. Kwa familia inayotegemea maharagwe hayo kwa githeri na kwa karo, hasara hiyo hailipwi na punguzo la shilingi chache kwenye pakiti.

Kwa hivyo wakazi wanashauriwa wasinunue wala kuuza mchanganyiko wa bakteria uliotengenezwa nyumbani. Nafasi ya chakula cha bei nafuu ni katika maabara za vyuo, vituo vya utafiti na viwanda vidogo vyenye wataalamu wa kupima. Eneo hili lina bahati ya kuwa na kituo cha KALRO hapa Embu, Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, na katikati yao Chuo Kikuu cha Chuka.

Bakteria wa hapa nyumbani

Kuna sababu ya kutaka kazi hii ifanyike karibu. Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya una rizobia wake wa asili. Utafiti kuhusu wingi na aina za rizobia katika udongo wa iliyokuwa Wilaya ya Embu ulichapishwa mwaka 2011. Mwaka 2017 watafiti waliochunguza maharagwe yanayotambaa kwenye miti katika sehemu ya mashariki ya Kenya walichapisha matokeo kwamba baadhi ya rizobia wa asili walifanya kazi sawa na wale wa pakiti za dukani, au kuwashinda.

Bakteria aliyezoea udongo wa hapa, asidi yake na ukame wa Mbeere, ana nafasi nzuri ya kuishi shambani. Lakini kumpata bora kunahitaji kupima mamia ya aina, na kila aina hulishwa maabarani kwa wiki na miezi. Chakula kikiwa ghali, utafiti huo huishia kwenye sahani chache. Kikiwa nafuu, chuo kinaweza kupima zaidi kwa bajeti ileile, na wanafunzi wakapata mazoezi bila kusubiri kemikali kutoka nje.

Mkulima afanye nini msimu huu

Anayenunua pakiti ya bakteria ahakikishe imeandikwa zao analopanda na tarehe ya mwisho bado haijafika. Aulize imehifadhiwa wapi, kwani pakiti iliyokaa juani au katika gari lenye joto huenda imekufa. Nyumbani aiweke mahali penye baridi na kivuli.

Mbegu zipakwe kivulini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na zipandwe siku hiyohiyo katika udongo wenye unyevu. Mbegu zilizopakwa dawa ya kuua kuvu zinaweza kuwaua bakteria, hivyo ni vyema kuuliza kabla.

Bakteria huleta nitrojeni pekee. Maharagwe bado yanahitaji fosforasi, na udongo wenye asidi kali huhitaji chokaa, hivyo kupima udongo ni hatua ya kwanza. Mbolea nyingi ya nitrojeni nayo huufanya mmea uache kutengeneza vinundu.

Mkulima aache mistari michache bila bakteria, na aipande hiyo kwanza kabla mikono haijashika pakiti. Maharagwe yanapoanza kutoa maua, achimbe kwa jembe mimea mitano kila upande, bila kuing'oa kwa nguvu kwa sababu vinundu hubaki ardhini. Aoshe mizizi, ahesabu vinundu na kuvipasua. Vikiwa vingi na vyekundu upande uliopakwa, pesa yake imefanya kazi. Vikiwa sawa pande zote na vyekundu, huenda udongo wake una bakteria wa kutosha na hana haja ya kununua msimu ujao. Visipokuwepo au vikiwa vyeupe, apeleke mimea hiyo pamoja na pakiti tupu kwa afisa wa kilimo wa wadi yake, ili chanzo kitafutwe kabla ya mvua inayofuata.